Miji Iliyovuliwa Hadhi

Katika wilaya ya Puławy, mashariki mwa Poland, kuna makazi madogo yaliyojengwa kama miji. Ukiingia Kurów, Końskowola au Markuszów unakuta katikati kiwanja kipana chenye pembe nne, nyumba zimekizunguka, kanisa la kale haliko mbali, na barabara zinachipuka kutoka kwenye pembe za kiwanja kuelekea Lublin, Warsaw na mtoni. Vijiji vya kawaida vya nchi ile havikupangwa hivyo. Nyumba zake hufuatana kandokando ya barabara moja ndefu, na nyuma ya kila nyumba kuna shamba. Kiwanja cha pembe nne ni alama ya soko, na zamani soko lilikuwa haki ya mji, iliyoandikwa kwenye hati na kutiwa muhuri wa mfalme.

Wilaya hiyo ilipoundwa upya tarehe 1 Januari 1999 ilipewa gmina 11. Gmina ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa ya Poland, ngazi yenye baraza la madiwani, bajeti na kiongozi wake. Moja kati ya hizo 11 ni mji wa Puławy wenyewe. Mbili, Kazimierz Dolny na Nałęczów, ni miji midogo iliyounganishwa na vijiji vinavyoizunguka. Nane zilizobaki ziliandikwa kuwa gmina za vijijini, na kati ya hizo nane, sita zilikuwa na makao makuu mahali palipowahi kuwa mji: Baranów, Janowiec, Końskowola, Kurów, Markuszów na Wąwolnica. Miji sita katika wilaya moja ilishushwa ikawa vijiji, na haikushushwa na moto wala tauni, ingawa yote mawili yalipita huko. Ilishushwa na karatasi iliyotiwa saini St. Petersburg mwaka 1869.

Sura hii inahusu karatasi za namna hiyo. Tukisoma historia ya miji midogo tumezoea kutazama majengo yake: ngome, kanisa, nyumba ya tajiri. Mimi naona yafaa tutazame kwanza ni nani aliyeshika daftari la mapato. Pale mapato ya mji yanapopangiwa matumizi na watu wa mji, hata mji maskini hupata mwalimu, daktari na karani wa kuuandikia barua. Daftari likihamishiwa kwingine, watoto waliosoma hulifuata.

Tuanzie Kazimierz, kwa kuwa ndiyo iliyopanda juu kuliko zote. Jina lake lina neno Dolny, yaani ya chini, kwa sababu iko chini kwenye mkondo wa Wisła kuliko mji mwingine wa jina hilo uliojengwa karibu na Kraków. Uko kwenye ukingo wa mashariki wa mto, pale mto unapopenya kati ya vilima vya chokaa. Mila inaunasibisha mji na mfalme Kazimierz, aliyetawala karne ya 14 na kuitwa Mkuu, na mwanzoni mwa karne ya 15 mfalme Władysław Jagiełło aliupanga upya kwa sheria ya Magdeburg. Sheria hiyo, iliyotoka Ujerumani na kuenea sehemu kubwa ya Ulaya ya mashariki, iliwapa wenyeji mahakama yao, baraza lao, siku zao za soko na ardhi iliyopimwa. Kazimierz ulikuwa mji wa mfalme. Aliyeusimamia alifanya hivyo kwa niaba ya taji, na wenyeji wakionewa walikuwa na mahali pa kwenda kulalamika.

Ng'ambo ya mto, karibu kiasi cha kuonana, hali ilikuwa nyingine. Janowiec ilipata hati ya mji mwaka 1537, lakini ulikuwa mji wa mtu. Mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Firlej, uliojenga ngome kubwa ya chokaa juu ya kilima na ambao kwa muda mrefu ulishika pia usimamizi wa Kazimierz kwa niaba ya mfalme. Katika mji wa mtu, bwana ndiye aliyethibitisha meya, ndiye aliyepanga ushuru wa soko, na alipouza mali yake mji uliuzwa pamoja na kinu na bwawa la samaki. Kurów na Końskowola ilikuwa miji ya aina hiyo hiyo. Wąwolnica, kama Kazimierz, ulikuwa wa mfalme. Mahali panapoitwa Puławy palikuwa kijiji tu chenye kivuko.

Kilichoitajirisha Kazimierz ni nafaka. Katika karne ya 16 na nusu ya kwanza ya karne ya 17 Ulaya ya magharibi ilikula mkate wa nafaka iliyotoka mashamba ya Poland, na njia yake ilikuwa Wisła, mto wa urefu wa kilomita 1,047 unaomwagikia bahari ya Baltiki karibu na Gdańsk. Wakati wa baridi magari ya farasi yalileta magunia hadi kwenye maghala ya mawe yaliyojengwa ukingoni, na barafu ilipoyeyuka mashua bapa zilipakiwa zikateremka hadi baharini. Zilirudi na chumvi, samaki wa kukaushwa, nguo za Uholanzi na viungo. Baadhi ya maghala yale yapo hadi leo. Kwenye kiwanja cha soko zinasimama nyumba mbili pacha za ndugu wawili wa ukoo wa Przybyła, Mikołaj na Krzysztof, zilizokamilishwa mwaka 1615. Kila mmoja alimchongea mtakatifu wa jina lake ukutani, na Mtakatifu Krzysztof amesimama urefu wa ghorofa nzima, amembeba mtoto Yesu begani akivuka mto. Wafanyabiashara wa mto walijua wanamwomba nani. Kanisa la parokia lililo juu kidogo lina kinanda cha mabomba cha mwaka 1620, mojawapo ya vinanda vikongwe nchini.

Neema hiyo ilidumu vizazi vichache. Mwaka 1656 jeshi la Uswidi liliuchoma mji. Yakafuata maradhi na majeshi mengine, na mto wenyewe ukaanza kusogea mbali na maghala. Pigo la mwisho lilitoka kwa wanasiasa: mwaka 1772 majirani watatu, Prussia, Austria na Urusi, walianza kuigawana Poland, na Prussia ikashika sehemu ya chini ya Wisła na kutoza ushuru kila kilichopita. Kufikia 1795 Poland haikuwapo tena kwenye ramani. Kazimierz ilijikuta chini ya Austria, halafu kuanzia 1809 chini ya Utawala wa Warsaw uliosimikwa na Napoleon, na kuanzia 1815 katika ufalme uliobaki na jina la Poland huku mfalme wake akiwa Tsar wa Urusi. Kwa mtu aliyezaliwa Kazimierz mwaka 1770 na kuishi miaka 50, bendera nne zilipita juu ya kichwa chake bila yeye kuhama nyumba.

Wakati Kazimierz inasinzia, kijiji jirani kilikuwa kinaamka. Kilomita 12 hivi kuteremka mto, pale Puławy, kulikuwa na jumba la kifahari lililochorwa na Tylman van Gameren katika karne ya 17. Liliangukia mikononi mwa ukoo wa Czartoryski, na katika miaka ya 1780 Adam Kazimierz Czartoryski na mkewe Izabela walihamia hapo moja kwa moja. Walileta washairi, wachoraji, walimu na wakulima wa bustani, kiasi cha watu kupaita Athens ya Poland. Baada ya nchi kufutwa, Izabela alifanya jambo ambalo kwangu ni la kishujaa kuliko vita vingi vya wakati ule. Alijenga ndani ya bustani yake jengo la mviringo, Hekalu la Sibila, lililofunguliwa 1801, akakusanya humo kumbukumbu za wafalme na mashujaa wa taifa lililokufa. Hiyo ndiyo makumbusho ya kwanza ya Poland. Mwaka 1809 akaongeza Nyumba ya Kigothi, na humo, katika kijiji hiki cha ukingo wa Wisła, ilitundikwa picha ya Leonardo da Vinci ya bibi aliyempakata mnyama mweupe, ile ile ambayo leo watu hupanga foleni kuitazama Kraków.

Puławy haikuwa mji wakati ule, na jambo hili ni la kuzingatiwa. Haikuwa na baraza wala hati. Umaarufu wake wote ulining'inia kwenye nyumba moja na pochi ya ukoo mmoja. Wapolandi walipoasi mwaka 1830 na kushindwa mwaka uliofuata, serikali ya Tsar ilitaifisha mali ya Czartoryski, familia ikakimbilia Paris pamoja na hazina zake, na Puławy ikabaki ganda. Mwaka 1846 hata jina lilifutwa. Paliitwa Nowa Aleksandria, kwa heshima ya mke wa Tsar, na jumba likafanywa shule ya binti za mabwana.

Kisha ukaja mwaka 1863. Mwezi Januari Wapolandi wa upande wa Urusi waliasi tena, na safari hii sehemu hii ya nchi ilikuwa mstari wa mbele. Puławy kulikuwa na chuo cha ufundi, kilimo na misitu kilichokuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia. Wanafunzi wake wengi walitupa vitabu wakaingia porini. Kijana aliyeitwa Leon Frankowski aliiteka Kazimierz na kuifanya kambi. Kikosi chake kilivunjwa Februari huko Słupcza, karibu na Sandomierz, na yeye akanyongwa Lublin mwezi Juni. Lakini tarehe 8 Agosti, karibu na kijiji cha Żyrzyn, kilichomo katika wilaya hii hii, kikosi cha Michał Heydenreich kilivamia msafara wa jeshi la Urusi na kunyakua fedha za serikali takriban rubli 200,000. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko mwingi wa vita ile, na uliwauma wakubwa wa St. Petersburg.

Adhabu ilikuja ikiwa imevaa joho la utawala bora. Kwanza, mwaka 1864, Tsar Alexander II aliwamilikisha wakulima ardhi na kuunda gmina mpya zilizojumuisha vijiji kadhaa chini ya kiongozi mmoja. Kwa wakulima hiyo ilikuwa haki waliyoingoja muda mrefu, na mwandishi mkweli hana budi kuikiri. Pili, mwaka 1867, mipaka ya wilaya na mikoa ilichorwa upya, na Nowa Aleksandria ikafanywa makao makuu ya wilaya. Sehemu isiyokuwa mji ikawa inaitawala Kazimierz. Tatu, mwaka 1869, ikatoka amri ya kupunguza miji. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kiuchumi: mji wenye watu wasiofika 2,000, au wenye mapato yasiyofika rubli 1,500 kwa mwaka, hauwezi kujiendesha, afadhali uwe makazi ya kawaida. Katika muda wa mwaka mmoja na kitu, zaidi ya miji 300 kati ya 450 hivi iliyokuwa katika ufalme ule ilivuliwa hadhi.

Hoja ya uchumi haikuwa uongo mtupu. Mingi kati ya miji ile ilikuwa imechoka, na wenyeji wake wengi walilima kama wanakijiji. Lakini hesabu iliyoanza kupigwa miaka mitano baada ya maasi, ikapigwa na walioyazima, haiwezi kusomwa kama hesabu tupu. Miji ndiyo ilikuwa na watu wanaojua kusoma, ndiyo ilikuwa na viwanja vya kukusanyika, ndiyo ilikuwa na mabaraza yanayoweza kusema kwa jina la watu. Kazimierz iliangushwa 1869. Ndani ya miezi michache zikafuata Kurów, Końskowola, Janowiec na wenzao.

Tazama kilichobadilika kwa fundi viatu wa Kurów. Jana yake alikuwa raia wa mji uliopata hati mwaka 1442. Leo yupo katika gmina pamoja na wakulima wa vijiji vya jirani, na mkutano wa gmina ndio unaoamua ushuru, barabara na shule. Haki ya kupiga kura mkutanoni ilifuata umiliki wa shamba. Fundi asiyekuwa na shamba hakuwa na sauti, wala mchuuzi, wala mpangaji. Wayahudi, ambao katika makazi mengi ya namna hii walikuwa karibu nusu ya watu au zaidi, na ambao kwa sehemu kubwa waliishi kwa ufundi na biashara, walisukumwa nje ya uamuzi wa mambo ya mahali walipozaliwa babu zao. Fedha za taa, kisima na sakafu ya mawe kiwanjani zikawa zinaombwa kwa watu ambao hawakuwa na haja na kiwanja. Wala si lawama kwa wakulima. Nao walikuwa na njaa ya barabara zao.

Reli ilimaliza kazi. Mwaka 1877 njia ya Wisła ilifunguliwa, ikitoka upande wa Warsaw hadi Lublin na kuendelea mashariki. Ilipita Puławy, ikapita karibu na Nałęczów. Kazimierz haikupata stesheni, na mpaka leo haina. Nałęczów mwaka uliofuata tu ilifufua bafu zake za maji ya madini, na kwa miongo kadhaa iliyofuata walikwenda huko kupumzika watu wenye majina, akiwamo mwandishi wa riwaya Bolesław Prus, ambaye kwa bahati alilelewa utotoni Puławy. Hata hivyo Nałęczów haikupewa hadhi ya mji hadi 1963. Puławy yenyewe, makao makuu ya wilaya tangu 1867, ilipata hadhi hiyo 1906, karibu miaka 40 baada ya kuanza kutawala wengine. Jina lake la zamani lilirejea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Poland huru iliyozaliwa upya mwaka 1918 haikurudisha miji yote kwa mkupuo. Kila mahali palisubiri zamu. Kazimierz ilirudishiwa hadhi 1927, na sababu moja ilikuwa wachoraji. Tadeusz Pruszkowski, mwalimu wa sanaa kutoka Warsaw, alikuwa akiwaleta wanafunzi wake kila kiangazi, na baada yao wakaja watalii. Mji uliosahauliwa na reli ulikuwa umebaki na kuta zake za karne ya 17, na sasa kuta hizo zikaanza kulipa. Nusu ya wenyeji walikuwa Wayahudi, waliouita mji kwa lugha yao Kuzmir. Katika karne ya 19 aliishi hapo rabi Yechezkel Taub, ambaye kizazi chake kinajulikana duniani kwa nyimbo za ibada zisizo na maneno. Filamu mbili za lugha ya Kiyidi, moja ya 1936 na nyingine ya 1937, zilipigwa picha kwenye vichochoro vya Kazimierz, na ndani yake unaweza kuuona mji ule kama ulivyokuwa.

Miaka michache baadaye haukuwapo. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walioikalia nchi waliipa Puławy hadhi ya makao makuu ya wilaya ndani ya mkoa wao wa Lublin, na ofisi hiyo ya wilaya ndiyo iliyoendesha maangamizi. Desemba 1939, kwenye theluji, Wayahudi wa Puławy walifukuzwa kwa miguu kwenda Opole Lubelskie. Wale wa Kazimierz walifungiwa kwenye geto mwaka 1940 na kuondolewa majira ya kuchipua 1942 kupelekwa kuuawa. Oktoba 1942, Końskowola, polisi wa Kijerumani wa kikosi namba 101 waliwapiga risasi watu kati ya 800 na 1,000. Mawe ya makaburi ya Kazimierz yalikuwa yamevunjwa na kutumiwa kutandika njia. Mwaka 1984 msanifu Tadeusz Augustynek aliyakusanya akajenga ukuta wa kumbukumbu mahali paitwapo Czerniawy, na ukuta huo una ufa uliokusudiwa, toka juu hadi chini. Hakuna amri ya utawala inayoweza kuwarudishia Kurów, Markuszów au Kazimierz nusu ile ya watu. Kila anapojadili kwa nini miji hii haikuinuka baada ya vita, mtu aanze hapo.

Serikali ya kikomunisti nayo ilikuwa na penseli yake. Mwaka 1954 ilifuta gmina na kuweka vitengo vidogo zaidi. Mwaka 1973 ikarudisha gmina. Tarehe 1 Juni 1975 ikafuta wilaya zote za nchi, ikaongeza mikoa kutoka 17 hadi 49. Sababu iliyosemwa ni kuwasogeza viongozi karibu na wananchi. Sababu iliyoeleweka ni kuvunja nguvu za wakubwa wa chama waliokuwa wameota mizizi mikoani. Puławy ikapoteza ofisi yake ya wilaya, lakini safari hii haikudhoofika, kwa sababu ilikuwa tayari na tegemeo lingine: kiwanda kikubwa cha mbolea ya naitrojeni kilichoanza uzalishaji 1966. Kiwanda kilileta maelfu ya wafanyakazi na kujenga mitaa mizima ya maghorofa. Kiliua pia msitu wa misonobari uliokizunguka. Picha za miti iliyokauka imesimama zilikuwa miongoni mwa sura zilizowafundisha Wapolandi maana ya uchafuzi wa hewa.

Huko Janowiec, wakati huo, ngome iliyobomoka ilikuwa mali ya mtu binafsi, Leon Kozłowski, aliyeinunua kabla ya vita na kukataa kuiachia hadi 1975 alipoiuzia makumbusho. Katika nchi iliyotaifisha karibu kila jumba, jambo hilo lilikuwa la ajabu.

Muundo wa sasa ulijengwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni sheria ya Machi 1990 na uchaguzi wa Mei 27 mwaka huo, uliozipa gmina mabaraza yaliyochaguliwa kwa uhuru, mali yake na mapato yake. Profesa Jerzy Regulski, aliyesukuma mageuzi haya, alikuwa ameyaandaa miaka mingi kabla hayajawezekana. Ya pili ni mageuzi ya serikali ya Waziri Mkuu Jerzy Buzek. Serikali ilitaka mikoa 12. Miji iliyokuwa ikielekea kupoteza hadhi ya makao makuu ya mkoa iliandamana, rais Aleksander Kwaśniewski akapiga kura ya turufu, na mwisho ikapatikana mikoa 16, wilaya 308 na miji 65 yenye mamlaka ya wilaya. Puławy ilirudi kuwa makao makuu. Opole Lubelskie ilipewa wilaya yake.

Kwa mwananchi mgawanyo uko hivi. Chekechea, shule ya msingi, maji, taka na kodi ya majengo ni kazi ya gmina. Sekondari, hospitali ya kawaida, usajili wa magari na daftari la viwanja ni kazi ya wilaya. Mipango ya maendeleo na sehemu kubwa ya fedha za Umoja wa Ulaya hupitia mkoani, Lublin, ambako kuna wakubwa wawili: mmoja huchaguliwa na baraza la mkoa, mwingine huteuliwa na Waziri Mkuu kusimamia sheria. Tangu 2002 kiongozi wa gmina huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura, na cheo chake hutofautiana. Wa kijijini huitwa wójt. Wa mji mdogo kama Kazimierz huitwa burmistrz, na anaongoza pia vijiji vya pembeni. Wa Puławy huitwa prezydent, cheo cha miji mikubwa, ambacho mji umebaki nacho ingawa wakazi wake wamepungua chini ya 50,000.

Ngazi yenye nguvu ya kweli ni gmina, kwa kuwa ndiyo yenye kodi yake. Wilaya hutegemea sana ruzuku na mgawo kutoka serikali kuu, na ndiyo maana majadiliano ya wilaya za Poland huwa yanarudi kwenye hospitali na madeni. Angalia tofauti ya majirani. Puławy ina kiwanda, na kiwanda hulipa kodi ya majengo. Nałęczów ina maji ya tiba. Hutoza wageni ada, na sheria inaitaka serikali kuu iongeze ruzuku kwa miji ya tiba. Kazimierz, yenye wakazi wasiofika 3,000, hupokea wageni wengi kuliko uwezo wa mabomba na maegesho yake, na wengi wao huja asubuhi wakaondoka jioni na mkate wenye umbo la jogoo mkononi. Tangu 1994 mji huo ni kumbukumbu ya taifa kwa tamko la rais, heshima inayozuia kujenga ovyo lakini isiyoleta yenyewe fedha ya kuziba bomba.

Na Janowiec? Kwa karne nyingi mto ulikuwa mpaka. Janowiec ilikuwa ya Sandomierz, kisha ya Radom, kisha ya Kielce. Kazimierz ilikuwa ya Lublin siku zote. Baada ya Vita vya Pili mpaka ulivushwa mto, na leo zote mbili ni za wilaya ya Puławy. Ramani iliunganishwa, daraja halikujengwa. Kati ya Janowiec na Kazimierz kuna kivuko, ambacho hakifanyi kazi wakati wa baridi wala maji yanapopungua. Siku hizo mwenye gari huzunguka hadi Puławy, kwenye daraja la 1934 au lile jipya la 2008. Wapangaji wa mwaka 1999 walikuwa sahihi kuyaweka pamoja makazi yanayotazamana, lakini kuchora mstari bila kujenga njia ni kufanya nusu ya kazi.

Tangu ukomunisti uondoke, makazi mengi yaliyovuliwa hadhi mwaka 1869 na 1870 yameirudisha. Utaratibu uko wazi: baraza la gmina huwauliza wananchi, huandika ombi, na Baraza la Mawaziri likikubali, hadhi huanza tarehe 1 Januari. Wanaopinga huogopa kodi kupanda na posho ya walimu wa vijijini kupotea, ingawa sheria inaiacha posho hiyo hata kwenye miji yenye watu hadi 5,000. Wanaounga mkono hawana hesabu kubwa ya kuonyesha. Wanasema tu kwamba walichonyang'anywa na Tsar hawana sababu ya kukiacha kwa Tsar. Mimi niko upande wao. Hadhi ya mji haijengi shule, lakini humpa diwani neno la kuanzia anapokwenda Lublin kuomba.

Msomaji atakayefika Poland atapelekwa Kazimierz, na atakuwa amefanya vyema kwenda. Asiishie hapo. Mabasi ya barabara ya Lublin hupita Kurów, alikozaliwa mwaka 1923 Wojciech Jaruzelski, jenerali aliyetangaza utawala wa kijeshi mwaka 1981 na baadaye akakubali uchaguzi uliomwondoa. Końskowola, kilomita chache kutoka Puławy, leo inajulikana kwa vitalu vya waridi. Ashuke katika mojawapo ya vituo hivyo, asimame katikati ya kile kiwanja cha pembe nne, na ahesabu mwenyewe milango ya maduka iliyozibwa kwa matofali.